Godoro Alilobeba Mama

Kila ninapokodi chumba katika mji nisioujua, kabla sijauliza kama bomba lina maji au mlango unafungika kwa ndani, huinama kwanza nikanusa godoro. Wenye nyumba za wageni hunicheka. Mmoja kule Busia aliniuliza kama nimekuja kulala au kununua samaki. Lakini pua yangu ina shughuli yake. Inatafuta harufu moja tu: sponji kuukuu iliyolazwa juu ya saruji mpaka ikanywa unyevu wa sakafu, jasho la wavulana wengi na moshi wa taa ya mafuta. Nikiikosa, hulala fofofo. Nikiipata, hata kama nimetembea tangu alfajiri, nitaketi kitandani macho makavu, nimekuwa tena mtoto wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, anayeogopa mwezi wa Desemba.

Nimehama miji mingi tangu siku hizo, na watu huniuliza nilianza lini tabia hii ya kuondoka. Nilianza asubuhi moja ya Novemba, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mvua za vuli zilikuwa zimeloweka Eastlands yote. Mama alikuwa ameshatoka na beseni lake la ndizi kwenda kuuza kando ya Jogoo Road. Nilikunywa chai, nikakiosha kikombe, nikakifunika juu ya meza. Nilifunga mlango, nikauficha ufunguo mahali petu chini ya tofali. Kila siku nikifika mwisho wa safu ya nyumba zetu nilipinda kushoto, dukani. Siku hiyo nilipinda kulia. Sikuwa na mfuko wala sweta, na kaptura niliyovaa ilikuwa ya shule ambayo mwenyewe nilikuwa nimeiacha.

Shule niliiacha darasa la saba. Sikufukuzwa, na sikuwa mjinga sana. Nilikuwa mtu wa dirishani. Nilitaka kujua reli ipitayo Makadara inaishia wapi, na kwa nini bomba la maji hukohoa kwanza kabla ya kutapika. Mwalimu alipogeuka kuandika ubaoni, mimi nilikuwa nimeshaondoka kwa mawazo. Siku moja miguu nayo ikafuata. Baba aliponipiga aliniambia kwamba jina walilonipa ndilo limeniharibu, kwa maana Muthama kwetu Ukambani ni mtoto aliyezaliwa watu wakihama.

Lakini asubuhi hiyo sikuondoka kwa udadisi. Niliondoka kwa sababu juu ya kiti cha sebuleni kulikuwa na blanketi langu, limekunjwa vizuri, limefungwa kwa kitambaa. Mama alikuwa amelikunja jana yake huku akiimba wimbo wa kanisani. Blanketi hilo lilikuwa linangoja Desemba, na nilijua linapelekwa wapi.

Nikisema sebuleni msidhani nyumba ilikuwa kubwa. Ilikuwa chumba kimoja cha halmashauri, kimegawanywa kwa pazia la maua. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda cha wazazi. Upande wa huku kulikuwa na meza, viti vya mbao, na sakafu tuliyolala watoto: kaka yangu Kioko, mimi, na dada yetu Mwende. Tukiwa wadogo chumba kilitutosha. Shida ni kwamba mvulana hakui kwa hiari yake. Na kwetu, kama kwa majirani wengi, mvulana akishatoka jandoni halali tena chumba kimoja na mama yake. Jambo hilo halikuhitaji kusemwa, kama vile hakuna anayekuambia usiingie kanisani na kofia.

Kwa nyanya yetu Machakos halikuwa tatizo. Mjomba alikata miti, wanawake wakakanda udongo, na kabla ya mavuno kijana alikuwa na kibanda chake kando ya zizi. Lakini Mbotela ungejenga wapi? Hata msumari ukutani ulikuwa wa kuombea ruhusa. Kati ya mlango wetu na wa jirani kulikuwa na mtaro wa maji machafu na kamba ya nguo, basi. Baba, aliyekuwa dereva wa lori na aliyekuwa nyumbani siku chache mno kuliona tatizo hilo, alisema tu, "Mwanamume ni wa kulala nje." Kwake ilikuwa kweli. Lori lake lilikuwa na kitanda nyuma ya kiti.

Mwisho wa safu yetu aliishi kijana aliyeitwa Lando. Jina lake la kuzaliwa sikuwahi kulijua. Lando kwa lugha ya mtaani ni mwenye nyumba, naye aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa na kitu ambacho kijana mwingine yeyote wa Mbotela hakuwa nacho: chumba. Mama yake alikuwa amefariki, ndugu zake wadogo wakachukuliwa na jamaa kwenda mashambani. Yeye akabaki na nyumba iliyokuwa ingali kwa jina la marehemu. Hakuwa mtu wa kelele. Alizungumza polepole, kwa sauti ya mtu anayekuonya kwamba shati lako lina doa. Kila mvulana wa safu zetu aliyetoka jandoni akikosa pa kulala alilala kwake. Watu waliwaita vijana wa Lando, na wakati huo hilo lilikuwa jina la heshima. Mabomba yakikauka, wao ndio waliowachotea wazee maji. Nguo ikipotea kambani, ukimwambia Lando ilirudi kabla ya jua kutua. Mzee wa nyumba ya pembeni alipofariki, ni wao waliobeba jeneza mpaka kwenye gari.

Kioko alipopelekwa zahanati kutahiriwa Desemba ya mwaka uliotangulia, alirudi anatembea miguu upande, leso kiunoni, moja kwa moja hadi kwa Lando. Huko ndiko alikopona. Lando alimpikia supu ya miguu ya ng'ombe na kumchemshia maji ya chumvi, akamwosha kidonda kwa mikono yake mwenyewe, kazi ambayo shambani hufanywa na mlezi wa jandoni. Mama hakuruhusiwa hata kuchungulia. Alikuwa akiacha sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, mlangoni, anabisha, anaondoka bila kugeuka.

Kidonda kilipokauka, Mama aliona haya kwamba mwanawe analala kwenye godoro la watu. Akatoa godoro letu, lile tulilolalia mimi na Kioko, akalikunja, akajitwika. Namwona mpaka leo. Alipita katikati ya mtaa mchana kweupe, shingo imenyooka, leso imefungwa vizuri, godoro linayumba kichwani, majirani wanampisha. Mimi nilikuwa nyuma na mto. Alipofika mlangoni alimwambia Lando, "Mwanangu, Mungu akuzidishie. Huyu sasa ni wako kama alivyo wangu. Akikosea, mwonye."

"Asante, Mama," Lando alijibu, na akalipokea godoro kwa mikono miwili.

Siku iliyofuata ilirudi sufuria ya muthokoi, imeoshwa mpaka tako lake linang'aa. Mama aliinyanyua kwenye mwanga, akaigeuza. "Kijana anayerudisha sufuria ikiwa safi," akatuambia mimi na Mwende, "huyo amelelewa." Tukaambiwa hivyo mwaka mzima. Kila nilipoacha sahani chafu nilikumbushwa habari za Lando.

Sijui ni lini hasa mambo yaligeuka. Nilikuwa mtoto, na mtoto huona mambo kwa upande, kama kuku. Niliona kwamba Kioko, ambaye zamani alikula huku akipiga hadithi, sasa alikula akiutazama mlango. Gari likipunguza mwendo barabarani, aliacha kutafuna. Alikuja kula mchana peke yake, amevimba macho kama mtu aliyetoka kazini usiku, na kazi hakuwa nayo. Kisha cherehani ya fundi wa nguo wa barabarani ikapotea, na mara hii kumwambia Lando hakukuirudisha. Maduka mawili yakavunjwa. Watu wakaanza kushusha sauti wakipita mwisho wa safu. Siku moja mchana polisi waliingia mtaani wakawakalisha vijana wote kwenye ukingo wa mtaro, viatu mikononi, pamoja na wale waliokuwa wametoka tu kununua mkate. Jirani yetu alimwambia Mama achunge mtoto wake.

"Wale?" Mama alishangaa. "Wale wanaoosha sufuria?"

Na mimi, niwaambie ukweli, nilikipenda kile chumba. Nilipopeleka chakula nilikaa kadiri nilivyoweza. Magodoro yalikuwa yametandazwa ukuta hadi ukuta, letu nikalitambua kwa doa la chai. Kulikuwa na redio, kulikuwa na karata, na kulikuwa na harufu ile ninayoinusa hadi leo. Wakati huo niliiona harufu ya wakubwa. Walinikaribisha. Mmoja alinivika kofia yake. Nyumbani nilikuwa mtoto anayeambiwa asogeze miguu watu wapite. Kule waliniuliza, "Niaje, dogo? Umekula?"

Alasiri moja ya mwezi wa Oktoba, Lando aliniita. "Kuja hapa, dogo." Alinishika mabega kwa viganja viwili, kama fundi nguo asiye na tepu, kisha akaondoa mikono bila kubadilisha upana wake, akawaonyesha wenzake ule uwazi.

"Huyu anapita," alisema.

Wakacheka. Nami nikacheka, nikatunisha kifua. "Napita wapi?"

"Pahali popote, jo!" mmoja alijibu, wakacheka zaidi. "Desemba hii ukitoka hosi kukatwa unakuja kulala hapa, si ndiyo? Mathe wako ameshaongea na Lando."

Kioko peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama ile mikono ya Lando, ambayo bado ilikuwa hewani.

Kesho yake alikuja kula. Mama alikuwa sokoni, Mwende shuleni. Hakugusa ugali. Alifunga mlango, jambo ambalo Mbotela mchana hufanywa tu na mtu aliyefiwa au anayeoga.

"Sikia, Muthama," alisema. "Usikuje kulala pale."

"Mama amesema—"

"Hata mathe akikushika mkono akulete mpaka mlango, usikuje."

"Kwa nini?"

"Wacha maswali. Wewe na maswali."

"Sasa nitalala wapi?"

Mlinganisheni na kaka zenu muone uzito wa jibu lake. Kioko ndiye aliyenifundisha kuogelea, kufunga tai, kumdanganya askari wa reli. Sikuwahi kumuuliza kitu akakosa jibu, hata kama jibu lilikuwa uongo. Aliangalia pazia, akaangalia sakafu tulipokuwa tukilala zamani, akasema, "Sijui."

"Basi na wewe toka pale, turudi wote."

"Nitatokaje?" Aliuliza taratibu, kama mtu ambaye angependa kweli kujibiwa. "Yule msee ameniosha kidonda na mkono yake. Sasa akiniambia twende, nimwambie nini?"

Kisha akala ugali wote, haraka, akaenda zake.

Tangu siku hiyo nilihesabu siku zilizobaki kufika Desemba. Kumwambia Mama yale aliyoniambia Kioko kulikuwa kumshtaki Kioko, na Mama asingenyamaza. Angekwenda moja kwa moja kumuuliza Lando, kwa heshima zote, na Lando angejua nani amesema. Nikajaribu njia ya pembeni. "Mama, Desemba si naweza kulala tu hapa, karibu na makaa?"

"Karibu na makaa, wewe ni paka?" Akacheka mpaka akafuta machozi. "Usiogope, mwanangu. Utakuwa na kaka yako. Kuku hata wa mjini, jioni hujua kwao." Na siku zilipokaribia akakunja blanketi.

Ndiyo maana nilipinda kulia.

Nilitembea kando ya Jogoo Road nikipishana na makarani waliokuwa wakienda mjini kwa miguu, viatu vyao wamevifunga kwenye magazeti wasivichafue. Nilipita Hamza, nikapita Jericho. Kila mluzi niliousikia ulikuwa wa vijana wa Lando, na kila mwanamke mwenye beseni alikuwa Mama. Buruburu nilipunguza mwendo, maana udadisi haukuniacha hata na hofu ile. Nyumba zile zilikuwa na vigae na ghorofa. Nilitazama madirisha ya juu nikajiuliza ni nani analala nyuma ya kila moja, na kama kuna chumba ambamo usiku hamlali mtu. Wazo la chumba kilicho tupu usiku lilinitia kizunguzungu.

Nikavuka barabara ya Outering, nikashika Kangundo Road kwa sababu tu ilikuwa imenyooka. Jua lilipopanda nilikuwa Komarock. Zamani hizo nyumba zake zilikuwa bado mpya, zinanukia rangi na saruji, zote zimefanana kama maandazi ya sinia moja. Mlango wa mbele wa moja ulikuwa wazi na ndani niliona mlango mwingine, na ndani ya huo kitanda kidogo chenye shuka la magari. Cha mtoto mmoja. Nilisimama nikasahau kwamba nimesimama.

"Wewe unatafuta nani?" Alikuwa askari wa getini, mzee kidogo, amevaa koti la mvua linalomzidi.

Karibu nimwambie ukweli. Nikasema, "Natafuta maji."

Alinipa maji kwa mpira wa kumwagilia, akangoja ninywe nishibe, hakuwa mtu mbaya. Kisha akasema, "Sasa endelea, kijana. Watu wa rika lako wakisimama hapa, mimi ndiye naulizwa."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita kijana, na nilitambua kwamba ni neno la kufukuzia. Jana yake nilikuwa mtoto. Nikageuka kurudi Outering, nikiwa na njaa, nikifikiria kwamba labda Kioko amekosea, kwamba pale kwa Lando angalau huulizwi unatafuta nani. Nawaambieni, pale barabarani nilikuwa nimeanza kurudi. Miguu yangu ilikuwa inakwenda Mbotela.

Mbuzi ndio walionizuia. Karibu na makutano lori lilikuwa limeharibika, dereva amelala chini ya injini, na mbuzi walikuwa wakishushwa ili wamalizie safari kwa miguu. Walitapakaa barabarani wakilia kama watoto wa nasari. Aliyewachunga alikuwa kijana mmoja tu, mrefu, mwembamba, kikoi kiunoni, ambaye nilikuja kumjua kwa jina la Guyo. Alikuwa anapiga kelele Kiborana, na mbuzi wakawa wanamsikiliza nusu nusu.

Aliponiona alibadilisha lugha bila kupumua. "Wewe! Unaangalia sinema? Shika huyo mweusi!"

Nikamshika huyo mweusi kwa pembe. Akanikokota kidogo, nami nikamkokota kidogo, tukaelewana. Guyo alinirushia fimbo. "Kaa nyuma. Wakisimama, piga matako. Mimi mbele."

Hakuniuliza jina wala kwetu. Nilikaa nyuma. Tulipandisha Outering magari yakitupigia honi na makondakta wakituuliza kama tunakwenda kortini na mashahidi wetu. Nikagundua kwamba mbuzi akiamua kugeuka, sikio moja hugeuka kwanza. Ukiliona hilo unamuwahi. Nilishughulika na masikio yao kiasi kwamba kwa mara ya kwanza tangu Oktoba niliisahau Desemba.

Kiamaiko, mtaa wa machinjio ya mbuzi, hunukia kabla hujafika. Ni harufu ya vichwa na kwato zikichomwa manyoya kwa chuma cha moto, ya damu iliyomwagiwa maji, ya samadi, na chini yake yote, chai ya maziwa yenye tangawizi. Mbele ya zizi moja la mbao, mwanamke mnene mwenye buibui alikuwa ameketi kwenye kigoda, akimgusa kila mbuzi kwa ufito akipita. Huyo alikuwa Mama Halima, mama yake Guyo na mwenye biashara. Mbuzi walipokwisha, ule ufito ukanigusa mimi begani.

"Na huyu umenunua wapi?" alimuuliza Guyo.

"Alikuwa barabarani. Ana macho mazuri, hakupoteza hata mmoja."

Mama Halima alinitazama kaptura, akanitazama miguu yenye matope. "Una mama?"

"Ninaye."

"Anajua uko hapa?"

Nikamrudishia Guyo fimbo yake.

"Basi kesho atajua. Mtoto wa mtu si mbuzi, siwezi kumweka kimya kimya. Kaa ule kwanza."

Nilikula wali na mchuzi kwenye sahani ya bati. Nilipomaliza nikaiosha kwa mazoea, nikaing'arisha, nikamrudishia kwa mikono miwili. Akaigeuza. "Kwenu wamekufunza," alisema. Sikufurahi, maana niliona sufuria yetu ikigeuzwa kwenye mwanga, na nikajua kwamba mama huyu hana njia ya kunijua mimi ni mtu gani, na mimi sina njia ya kujua nimeingia kwa nani.

Adhana ya magharibi ilipoisha, Guyo alinionyesha ngazi. Juu ya zizi kulikuwa na dari la mbao, magunia yametandikwa. Hapo ndipo yeye na wadogo zake walipolala tangu wakiwa wadogo, na hapo ndipo wasaidizi wao wote walipolala. "Mbuzi hawaachwi peke yao hapa," alinieleza. "Kukiwa na watu juu, mwizi anasikia miguu yetu, anaenda kwa jirani." Aliniachia nafasi karibu na ukuta. Niliinama nikanusa gunia. Lilinukia nyasi kavu na mbuzi, hakuna kingine. Chini yetu walikuwa wakicheua, sauti moja kubwa ya kutafuna isiyokuwa na haraka.

Mtoto aliyelala hapo jioni hiyo alidhani amebahatika tu. Miaka mingi ilipita, na magodoro mengi, kabla sijaelewa. Nimesikia watu wakieleza kwa nini vijana wa mitaa yetu waliingia magengeni. Wanasema ni bangi, au ni uvivu, au wazazi hawakuwafunza. Mimi nilimwona mama aliyefunza. Alifunza hata haya, na haya hiyo ndiyo iliyomtoa mwanawe nje, kwa sababu desturi ilikuwa imehamia mjini na kibanda kilikuwa kimebaki shambani. Jua likizama, Mbotela mvulana alikuwa kitu kilichozidi. Kiamaiko jua likizama mvulana alihitajika, mbuzi walimngoja. Na kwa Lando vilevile alihitajika, kwa kazi yake Lando. Kioko hakuwahi kuchagua ubaya. Alichagua mahali ambapo mtu anamsogezea godoro, na yaliyofuata aliyakuta yamelala hapo hapo.

Alikamatwa mwaka uliofuata, juu ya paa la duka. Lando na wenzake walikuwa wamempata mvulana mwingine wa safu yetu, mwembamba, wa kupitisha kwenye dirisha dogo la juu, na ndipo nilipojua viganja vya Lando vilikuwa vinapima nini. Mvulana huyo hakurudi nyumbani. Kioko alirudi baada ya miaka, mkimya, na mpaka sasa hawezi kulala mlango ukiwa wazi wala ukiwa umefungwa, huuegemeza kiti.

Lakini jioni ya Kiamaiko hayo yalikuwa mbele. Habari zilimfikia Mama kesho yake, na kesho kutwa nikiwa juu darini nilimwona akija kati ya mbuzi, shingo imenyooka, blanketi langu kichwani na sufuria ya muthokoi mkononi. Nilijua atakalosema kabla hajafungua mdomo. Alimwambia Mama Halima, "Dada yangu, Mungu akuzidishie. Huyu sasa ni wako kama alivyo wangu. Akikosea, mwonye." Neno kwa neno. Hakuwa na maneno mengine, wala hakuwa na mahali pengine.

Sufuria ilirudi Mbotela Ijumaa, mimi mwenyewe niliipeleka. Haikuwa imeoshwa. Mama Halima alikuwa ameijaza nyama ya mbuzi, akafunika. Mama aliinua kifuniko, akatazama ndani, akakirudisha, kisha akaniuliza jambo ambalo kwa Lando hakuuliza kamwe.

"Huko," alisema, "mnalala vipi?"